Kuota huku unajua unaota: je, kunaweza kukuharibia mchana?

Tuliowahi kuwa vikojozi utotoni tunaijua ndoto ile. Umebanwa. Unanyanyuka, unapapasa ukuta gizani, unafika chooni, unajisaidia kwa raha zako zote, na kabla hujamaliza unasikia uvuguvugu mgongoni. Kumbe hata mguu hukuutoa kitandani. Laiti katikati ya safari ile ungejiuliza swali moja tu, "hiki choo ni cha kweli?", godoro lingepona na majirani wasingekuona ukilianika.

Wapo watu wanaojiuliza swali hilo usingizini na kulipatia jibu. Mtu yumo ndotoni, anaongea na bibi yake aliyefariki zamani, ghafla inamjia: bibi hayupo duniani, basi hapa ninaota. Haamki. Anaendelea kuota huku akijua, na mwenye bahati anaweza hata kuamua kinachofuata: apae juu ya mnazi, avuke bahari kwa miguu. Nitaiita ndoto ya kujitambua. Daktari wa magonjwa ya akili wa Uholanzi, Frederik van Eeden, aliandika habari zake mwaka 1913 kutokana na ndoto zake mwenyewe, na jina alilolitumia kwa Kiingereza, lucid dream, ndilo watafiti wanalolitumia hadi leo.

Wanasayansi wengi hawakuamini. Walidhani wasimuliaji wa mambo haya wanazindukana kidogo tu kisha wanadhani bado wamelala. Ubishi ulianza kuisha Aprili 1975 katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza. Mtafiti Keith Hearne alimlaza maabara mtu mmoja aitwaye Alan Worsley, wakiwa wamekubaliana jambo. Tunapoota, ubongo hufunga misuli karibu yote ya mwili ili tusiinuke kwenda kupigana na simba wa ndotoni, lakini misuli ya macho haifungwi. Kwa hiyo Worsley alitakiwa, akishajua kwamba anaota, apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio waliopatana. Akafanya hivyo, na mashine zikaonyesha kwamba mwili wake umelala fofofo. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alifika kwenye jibu hilohilo kwa njia yake miaka michache baadaye. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi wakapiga hatua nyingine: waliwauliza waotaji maswali wakiwa usingizini. Mmoja aliulizwa nane kutoa sita, akajibu kwa macho: mbili.

Basi jambo lenyewe lipo, wala si ndoto za alinacha. Tena si la watu wachache. Uchambuzi wa tafiti za miaka hamsini uliotoka mwaka 2016 ulikadiria kwamba asilimia 55 hivi ya watu wamewahi kuipata angalau mara moja maishani, na asilimia 23 huipata kila mwezi au zaidi. Kama ingekuwa na sumu ndani yake, tungeshaona foleni hospitalini. Ikikujia yenyewe, mara moja moja, huna sababu ya kuihofia.

Kinachonitia shaka mimi ni kuiwinda.

Siku hizi vijana wengi wanajifunza kuiwinda kwenye simu, na njia inayosifiwa zaidi ni kukata usingizi. Sababu yake inaeleweka. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na ndani ya kila mzunguko mna kipindi cha ndoto ambacho mwanzoni mwa usiku ni kifupi, kisha hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Mwindaji hutega kengele baada ya saa tano za usingizi, hukaa macho kwa muda, halafu hurudi kulala akiwa amenuia: nikiota, nitajua naota. Waliozoea kufunga Ramadhani hawahitaji kuelezwa. Mtu akila daku, akaswali alfajiri, akajitupa tena kitandani, ndoto za saa ile huwa kama sinema, rangi na sauti juu.

Nami niliijaribu, wiki tatu, kengele ya saa kumi usiku. Nilivuna ndoto mbili za kujitambua. Katika moja nilifurahi mno kugundua naota hata nikaamka palepale, jambo ambalo nasikia huwapata wengi wanaoanza. Kwa hizo mbili nililipa hivi: mara mbili nilipitishwa kituo changu kwenye daladala, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi. Mimi nilikuwa abiria. Dereva au bodaboda akifanya mchezo huo, hesabu yake ni nyingine kabisa. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na ukizikatakata kila usiku unakutana na yaleyale yanayompata yeyote asiyelala vya kutosha: hasira za karibu, usahaulifu, na akili nzito ifikapo saa nane mchana. Hapo ndoto haina kosa. Kosa ni la kengele.

Njia ya pili ya uwindaji hufanyika mchana, nayo ina utata zaidi. Unajizoeza kujiuliza mara kwa mara kama uko macho. Unaziba pua na kujaribu kupumua. Pumzi ikipita, basi uko ndotoni. Au unasoma kibao cha duka, unageuka, unakisoma tena, kwa sababu ndotoni maandishi hayatulii. Unataka mazoea hayo yakufuate hadi usingizini. Kwa wengi huu ni mchezo tu. Lakini fikiria mtu ambaye tayari ana tatizo la kutenganisha ya kweli na yasiyo ya kweli, anayesikia sauti au kuhisi kwamba dunia inayomzunguka ni ya bandia. Kumfundisha huyo aitilie shaka dunia mara kumi kwa siku ni kumwagia petroli mwenye moto.

Jambo hili lilichunguzwa na Liat Aviram na Nirit Soffer-Dudek wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, katika utafiti wa mwaka 2018. Waliwafuatilia wanafunzi kwa miezi miwili. Wingi wa ndoto za kujitambua peke yake haukuwa na uhusiano na matatizo ya akili, na wale ambao ndoto zao zilikuwa za raha na wenye kuzimudu walikuwa na dalili pungufu. Lakini waliotumia mbinu za makusudi za kuzitafuta waliongezekewa, katika miezi hiyo miwili, na dalili za kujihisi wako mbali na nafsi zao na za fikra zisizo za kawaida. Ni utafiti mmoja, na wa wanafunzi, kwa hiyo tusiufanye hukumu. Hata hivyo unaelekeza kidole palepale: kwenye uwindaji.

Halafu kuna jinamizi. Ukizoea kuingia na kutoka usingizini katika saa za ndoto, unaweza kukuta akili imeamka ilhali mwili bado umefungwa. Huwezi kunyanyua kidole, kifua kizito, na mara nyingi unahisi mtu yumo chumbani. Baadhi ya wawindaji wanaipenda hali hii, wanaiita mlango. Mimi siwaelewi. Mwaka 1995 Unguja na Pemba zilikumbwa na hofu ya Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, watu wakilala nje kwa makundi huku moto umewashwa, na miongoni mwa walioandika kuhusu kisa hicho wapo walioona kwamba masimulizi ya kukandamizwa na kushindwa kujitikisa yanafanana sana na jinamizi la usingizini. Jinamizi halimuui mtu, hupita kwa sekunde au dakika chache. Lakini asiyejua linatoka wapi linaweza kumfanya aogope kulala, na hofu ya kulala ndiyo inayoharibu mchana.

Vipi kuhusu kumbukumbu? Kuota umemlipa mwenye nyumba kisha ukaishi kana kwamba umemlipa ni balaa halisi. Hili limeonekana zaidi kwa wagonjwa wa narkolepsi, ugonjwa unaomfanya mtu azidiwe na usingizi mchana, ambao pia huota ndoto za kujitambua mara nyingi kuliko wengine. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2014, asilimia 83 yao walisema wamewahi kuichanganya ndoto na tukio la kweli, ikilinganishwa na asilimia 15 ya watu wasio na ugonjwa huo. Mtu mwenye afya hachanganyi kwa kiwango hicho. Kwa upande huu ndoto ya kujitambua ina nafuu yake, maana ukiwa ndani yake tayari unajua kwamba ni ndoto. Inayodanganya zaidi ni ile ya kawaida ambayo umeamka, umeoga, umevaa viatu, halafu kengele inalia.

Kuna pia dawa. Galantamini, dawa wanayopewa wagonjwa wa Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), iliongeza ndoto hizi katika jaribio la mwaka 2018, na sasa wapo wanaoimeza kwa ajili ya burudani. Huleta kichefuchefu na kutapika, na inaweza kupunguza mapigo ya moyo. Kwa ndoto ya dakika kumi? Hapana.

Nisiwanyime haki yao wanaonufaika. Kuna wataalamu wanaozitumia ndoto hizi kuwasaidia watu wanaoandamwa na ndoto mbaya: mgonjwa anajifunza kutambua kwamba anayemfukuza hayupo, kisha anageuka na kumkabili. Kwa mtu ambaye usiku wake tayari umeharibika, kujaribu kwa usimamizi kuna maana.

Anayetaka kuonja tu anaweza kuanza na daftari kando ya mto, aandike ndoto mara anapoamka kwa saa yake ya kawaida, kwa sababu anayezikumbuka ndoto zake huanza kuzigundua. Daftari langu ninalo bado. Kengele ya saa kumi nimeifuta. Kusema kweli, mke wangu ndiye aliyeifuta.