Je, wajua? Chai iliyomwagwa Boston ilikuwa imeshuka bei

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaeleza wengine, kwamba watu wa Boston, mji wa Amerika uliokuwa koloni la Uingereza, walimwaga chai baharini usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 kwa sababu Uingereza ilipandisha kodi na chai ikawa haishikiki. Sivyo. Kodi haikuongezwa hata senti. Ilibaki peni 3 kwa ratili, ile ile ya mwaka 1767, na chai yenyewe ilikuwa inakuja kwa bei nafuu, kiasi cha kuwatishia hata wauzaji wa magendo.

Ilishukaje? Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Uingereza iliyouza chai hiyo, ilikuwa imelemewa na madeni huku maghala yake London yamefurika chai. Awali ilitakiwa kuiuza kwa mnada palepale London, kisha ipite kwa wafanyabiashara hadi ifike dukani Amerika. Chukua gunia la mahindi: latoka shambani, lapita kwa dalali, kwa mwenye lori, kwa mwenye ghala, mpaka kwenye debe la muuzaji. Kila mkono unaongeza chake. Sheria ya Chai ya Mei 1773 iliikata mikono hiyo. Kampuni iliruhusiwa kusafirisha yenyewe na kuuza kupitia mawakala wachache. Boston, wawili kati yao walikuwa watoto wa Thomas Hutchinson, gavana wa koloni hilo la Massachusetts.

Mnywaji amepata nafuu, dalali amekosa riziki. Na ndani ya nafuu hiyo zimejificha peni 3 zilizopitishwa na Bunge la Uingereza ambamo Wamarekani hawakuwa na mbunge hata mmoja. Ukiinunua, umeikubali kodi. Ndiyo maana waliiona kama chambo. Nani alitetea haki na nani alitetea magendo yake ni vigumu kutenganisha. Wapo waliotetea vyote viwili.

Dartmouth, mojawapo ya meli zilizoleta chai hiyo Boston, ilikuwa na siku 20 za kulipa ushuru, na zilikuwa zinaisha kesho ya usiku ule wa Desemba. Makasha 342 ya chai ya Uchina yakapasuliwa kwa mashoka katika meli tatu. Maji yalikuwa yamekupwa, hivyo majani yakarundikana ubavuni mwa meli.

Bunge likajibu kwa kuifunga bandari ya Boston mwaka 1774. Tarehe 19 Aprili 1775, askari wa Uingereza waliokuwa wakienda mji wa Concord kutwaa silaha walikabiliana na wanamgambo wa Kimarekani pale Lexington, mji ulio njiani, na wanamgambo 8 wakauawa. Tamko la uhuru wa Marekani lilitoka Julai 1776, vita vikiwa vimeendelea kwa zaidi ya mwaka.