Je, kompyuta za Kisovieti zote zilinakiliwa kutoka Marekani?

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba Wasovieti hawakubuni kompyuta yoyote, walinakili tu za Wamarekani. Kuna chembe ya ukweli humo, lakini imevikwa joho kubwa kuliko mwili wake.

Tuanzie Kyiv, Ukraine. Katika jengo lililoharibiwa na vita, pale Feofaniya, Sergei Lebedev na kikundi kidogo cha wahandisi waliunda MESM, mashine yenye vali zipatazo 6,000, za aina ile iliyotumika kwenye redio za zamani. Ilianza kazi rasmi mwaka 1951. Hawakuwa na mashine ya kigeni ya kuigiza.

Wakati huo Moscow tayari ilikuwa na ITMVT, taasisi ya teknolojia ya kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1948. Lebedev alihamia huko, akaunda kompyuta ya BESM, na mwaka 1953 akawa mkurugenzi. Kazi ninayoistahi zaidi ni BESM-6 ya miaka ya 1960: transista badala ya vali, takriban hesabu milioni moja kwa sekunde, na muundo wao wenyewe. Iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1980.

Unakili ulikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliamua kuunda kompyuta za ES kwa mfano wa IBM System/360 ya Marekani. Lebedev alipinga, hakusikilizwa. Kuitumia hatua hiyo kufuta kazi ya miaka karibu 20 iliyoitangulia ni kuwadhulumu watu wale.