Je, Wajua kwa Nini Malindi Ilirusha Roketi Ikabaki na Kiitaliano?

Panda tuktuk mjini Malindi, umwambie dereva akupeleke mtaa wa Casuarina. Mkipishana na Mzungu njiani, dereva atamtupia "Ciao!" kabla hujajua Mzungu huyo ni wa wapi. Wahudumu wa hoteli, wauza vinyago na vijana wa ufukweni, wengi wao Kiitaliano wanakimudu bila kukanyaga darasa. Sababu moja ya Waitaliano kuizoea Malindi imesimama baharini, kaskazini mwa mji: majukwaa ya chuma ya San Marco, mbele ya kijiji cha Ngomeni.

Kati ya 1967 na 1988, setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Mradi ulikuwa wa Waitaliano, ukiongozwa na Profesa Luigi Broglio. Setilaiti iliyovuma zaidi iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, na ndiyo sababu ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Kwa nini Ngomeni? Dunia hujizungusha kuelekea mashariki. Aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Aliye Roma, kama 1,240. Roketi ikielekezwa mashariki inaondoka na kasi hiyo bure, kama mtu anayerusha jiwe huku anakimbia. Ngomeni iko digrii 3 tu kusini mwa ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vikianguka haviangukii paa la mtu.

Basi mbona Malindi haikugeuka mji wa teknolojia? Kwangu mimi jibu liko kwenye vipuri. Roketi ilitoka Marekani, wahandisi wengi Italia, na setilaiti ilikuja imeshaundwa. Hapa palihitajika mahali pa kurushia, walinzi, wapishi, madereva, na watu wa kupokea mawimbi kwenye kituo cha nchi kavu. Skrubu ikikatika, haikuagizwa kwa fundi wa Gongoni. Mwanafunzi wa fizikia Malindi hakuwa na karakana ya kumpeleka kujifunza kazi. Walipokuja wageni, fedha ilipita kwenye hoteli, nyumba za kupangisha na mikahawa, na hiyo ndiyo biashara iliyomea. Lugha ikaifuata.

Kourou, kule Guyana ya Kifaransa, Amerika Kusini, iko digrii 5 kaskazini mwa ikweta, yaani mbali nayo kidogo kuliko sisi. Lakini kule roketi za Ulaya aina ya Ariane zimekuwa zikirushwa tangu 1979, kandarasi haziishi, na ardhi yenyewe ni ya Ufaransa. Hata hivyo, 2017 wananchi walifunga barabara wakidai hospitali, shule na usalama, na Ariane 5 ikakaa chini wiki kadhaa. Kumbe hata penye roketi nyingi, jirani anaweza kubaki mtazamaji.

Sasa tazama simu. M-Pesa ilipoanza 2007 haikuja na jukwaa la chuma, ila ilihitaji watu wa hapa hapa: wakala wa kibanda, fundi simu, muuza kava na chaja, bodaboda wa kumpeleka wakala kuchukua floti. Mvuvi wa Ngomeni anampigia tajiri wake kabla hajafika nchi kavu, anajua barafu ipo au haipo, na malipo yanaingia kabla samaki hajapimwa mara ya pili. (Kupimwa mara ya pili ni ugomvi mwingine, tuuache.) Shilingi hiyo inazunguka mikono mitano kabla ya kutoka kijijini.

Kwa upande wa anga, mambo yamesogea. Wakala wa anga wa Kenya ulianzishwa 2017. Mwaka uliofuata, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa angani kutoka kituo cha kimataifa cha anga, nayo iliundwa kwa ushirikiano na chuo cha Sapienza cha Roma, kile kile alikofundisha Broglio. Setilaiti ya Taifa-1 ikafuata 2023, ikirushwa kutoka California. Taarifa kutoka angani zinaweza kuonyesha maji ya bahari yenye rutuba, mikoko iliyokatwa na mto Tana unapofurika. Lakini zinataka mtu wa kuzigeuza ziwe ujumbe ambao nahodha anaweza kuusoma, tena akaulipia, na mtu huyo anaweza kukaa Malindi.

Ngomeni niliwahi kumkuta fundi wa injini za mashua chini ya mkwaju, amefungua mashine ya hosi pawa 15 juu ya gunia. Vijana wawili wamechutama, mmoja ameshika spana, mwingine anapuliza kabureta. Nikawauliza kama wamewahi kufika kwenye yale majukwaa. Yule wa spana akacheka: "Huwa tunavua chini yake. Samaki wanapenda ile miguu."