Saratani na ushauri nasaha: yanayosemwa na yalivyo

"Ushauri nasaha? Kwani mie nina wazimu?" Ndilo jibu la mwanzo, Wete hata Mwembeladu, kwa kuwa ukitaja mambo ya akili watu hufikiria Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Zanzibar. Lakini mwenye saratani anayekesha, kila akisikia maumivu anadhani maradhi yamerudi, hana wazimu. Ana hofu. Anahitaji mtu aliyesomea kusikiliza, wa kumwambia yale asiyoweza kumwambia mumewe wala mamake.

Linaloniuma zaidi hutoka kwa wanaompenda: "Asiambiwe, atavunjika moyo." Jamaa wanamnong'oneza daktari mlangoni, mgonjwa anaambiwa ana uvimbe tu. Halafu anapandishwa boti kwenda Dar es Salaam, afike Ocean Road, taasisi ambayo kila mtu anajua inatibu saratani. Mara nyingi mwenyewe ameshajua zamani, ila hana wa kuzungumza naye, maana kila mtu anajifanya hakuna kitu. Aulizwe: unataka kuambiwa kiasi gani, na nani awepo?

Wengine husema ukiwa mchangamfu utapona, ukilia unayalisha maradhi. Si kweli, na ni kumbebesha mgonjwa lawama. Mwaka 2007 mwanasaikolojia James Coyne na wenzake walitoa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani ya kichwa na shingo: hali ya hisia zao haikuonyesha nani ataishi zaidi. Ushauri nasaha haushiki nafasi ya mionzi wala dawa. Hupunguza hofu na huzuni.

"Subra inamtosha." Nabii Yaakub alisema subra njema, na bado alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni. Kusubiri hakukukatazi kusema.

Kuna pia wanaodhani aliyekomazwa na maradhi hahuzuniki tena. Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa Marekani, waliotoa mwaka 1996 maswali 21 ya kupima ukuaji wa nafsi baada ya masaibu, wanaeleza kuwa ukuaji na machungu hukaa pamoja, na kwamba hauletwi na msiba wenyewe, huja katika kupambana nao. Mama aliyekatwa ziwa anaweza asubuhi kukaa barazani na ukili wake, akamwomba msaada jirani aliyenuniana naye miaka, na usiku akalia akikunja kanga aijaze pale palipo patupu. Yote mawili ni yake. Na asiyeona ukuaji wowote hajashindwa kitu.

Huko New York, daktari wa akili William Breitbart alianzisha vikao vya makundi ya wagonjwa wa saratani, vinane kwa jumla, kwa kufuata mawazo ya Viktor Frankl, daktari aliyeandika juu ya kutafuta maana ya maisha. Wagonjwa huzungumzia walikotoka, kilichoyapa maisha yao maana, na watakachowaachia wenziwao. Mazungumzo kama hayo yanafanyika hata ukumbini, juu ya mkeka.

Ukimsindikiza mgonjwa wako kliniki, muulize muuguzi kama yupo wa ushauri nasaha. Akiwepo, mwache mgonjwa aingie peke yake, wewe ungoje nje.