Injini Ndiyo ya Mwisho: Ninavyofufua Pikapu ya Land Rover 109

Wateja wengi wanaoniletea Land Rover 109 ya marehemu baba au babu huanza na swali moja: "Fundi, tuiwekee injini gani?" Siku hiyo simjibu mtu. Natandika turubai, naingia chini ya gari na nyundo ndogo, naanza kugonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti ya kopo lililojaa udongo, na mara nyingi udongo kweli umo.

Mwaka jana mzee mmoja wa Karatu aliniletea hapa Arusha pikapu yake ya Series III, yaani toleo la tatu la Land Rover za zamani, iliyobeba mahindi na ngano ya familia kwa zaidi ya miaka arobaini. Injini ya dizeli ya lita 2.25 ilikwishakufa. Mwanawe alikuwa ameshanunua 200Tdi iliyotumika, dizeli ya baadaye ya Land Rover, na aliitaka ifungwe wiki hiyo hiyo. Nilipofika usawa wa tairi la nyuma kulia, nyundo ilizama. Nikamwomba mzee ainame atazame mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe humu nilikuwa napakia watu."

Gari hili humficha mwenyewe ugonjwa wake, na sababu iko kwenye kuzaliwa kwake. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, chuma kilikuwa bado cha mgao Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Chesisi ikabaki ya chuma: mabamba ya unene wa milimita 2 hivi, yaliyochomelewa yakawa kama boksi refu. Alumini haishiki kutu nyekundu, basi kwa nje gari linaonekana lina afya. Huku chini matope na maji yanaingia ndani ya boksi, yanakaa humo msimu baada ya msimu, na chuma kinaliwa kuanzia ndani. Zile zilizolala miaka kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Bagamoyo naanza kuzigonga taratibu sana.

Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kukubali kufunga injini ya tabo kwenye chesisi yenye viraka. Mteja alisema hana fedha zaidi, nami nikamwonea huruma. Baada ya miezi minane gari likarudi limepasuka pale pale mauntingi ya injini inapokalia, na lilipopasuka lilikuwa na abiria nyuma. Hakuna aliyeumia. Tangu hapo, chesisi ikishindwa mtihani wa nyundo, sizungumzii injini.

Kwa 109 kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni chesisi mpya ya umbo lile lile. Zinatengenezwa Uingereza na kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, ndani na nje. Kila tundu liko mahali pake, springi ni zile zile za vyuma bapa, na gari linabaki 109 halisi. Ya pili ni kuchukua chesisi ya 110, Land Rover iliyokuja baada ya 109, yenye springi za koili, na kuivika bodi ya 109.

Hii ya pili huwaponza mafundi wengi. Namba 109 na 110 ni inchi za umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani milimita 2,769 na 2,794. Mtu anaona tofauti ni milimita 25 tu, anakata. Upana hajaupima. Matairi ya Series yameachana milimita 1,308, ya 110 yameachana 1,486. Kila upande tairi linachomoza karibu milimita 90 nje ya bodi! Itabidi uweke kope pana juu ya matairi, usogeze shoo ya mbele, na utengeneze upya vikalio vya ule ukuta unaotenga injini na kabini. Kwa mtu wa safari ndefu, gharama hiyo inalipa, maana koili hulainisha barabara ya vumbi ajabu. Mzee wa Karatu hubeba magunia, na gari lake alitaka limrudie likiwa lile lile. Tukaagiza ya kwanza.

Hata chesisi mpya naipima. Naiweka juu ya stendi kwenye sakafu iliyosawazishwa kwa pima maji, nashusha timazi ya fundi mwashi kutoka kila tundu la springi, naweka alama ya chaki chini. Kisha naiondoa chesisi, navuta futi kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 3, sifungi kitu. Gari la namna hiyo litatembea upandeupande kama kaa, litakula matairi, na dereva atalaumu usukani. Kazi hii hunichukua nusu siku, na naipenda kuliko zote.

Sasa injini. Dizeli ya zamani ilitoa nguvu za farasi 62. 200Tdi ni lita 2.5 yenye tabo, inatoa zaidi ya 100, na nguvu yake ya kuvuta inakaribia kuwa mara mbili. Uzuri wake ni kwamba bloku yake ina undugu na ile ya 2.25, kwa hiyo inakubali giaboksi ya Series baada ya kurekebisha stadi chache, yaani boliti za kuiunganisha na giaboksi. 300Tdi iliyofuata mwaka 1994 haikubali hivyo: inataka bamba la kuunganishia na mauntingi mpya. Muuzaji akikwambia Tdi zote ni moja, hajawahi kuifunga.

Wengine wanataka 1HZ ya Toyota, lita 4.2, kwa kuwa spea zake ziko kila mji. Ni injini ninayoiheshimu sana. Ila ni ya silinda sita, ndefu na nzito, na pua ya 109 haikuumbwa kwa ajili yake. Huwa nakataa.

Nguvu ikiongezeka, difu na breki lazima zijibu. Series hutumia difu ya 4.7, yaani shafti huzunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Kwa matairi ya 7.50-16, ukienda kilomita 90 kwa saa injini inazunguka kama mara 3,200 kwa dakika. Ukiweka difu za 3.54 za 110 inashuka hadi 2,450 hivi, na lazima ubadilishe mbele na nyuma pamoja, la sivyo siku utakapoingiza foo, magurudumu yote manne yavute, utavunja kitu. Mwanawe alizitaka za 3.54. Nilimwachia mzee 4.7, kwa sababu yeye hupanda milima na mzigo, haendi Dar. Breki sikumsikiliza mtu yeyote: dramu mpya za inchi 11 magurudumu yote manne, mabomba mapya, na busta ya kusaidia mguu.

Jambo la karatasi msilipuuze. Namba ya chesisi ya Series imegongwa mbele kulia, kwenye kikalio cha springi. Ukitupa chesisi, umetupa namba. Nendeni TRA, mamlaka ya mapato, na kadi ya gari kabla ya kukata chochote, mkaeleze chesisi na injini vinabadilishwa.

Tulilijaribu kwenye kilima cha kutoka Mto wa Mbu, na magunia kumi na tano nyuma, mzee mwenyewe kwenye usukani. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye geji ya joto, maana rejeta ya zamani ndiyo niliyokuwa na wasiwasi nayo. Mshale ulipanda kidogo kwenye kona za juu, ukasimama. Mzee hakuutazama hata mara moja. Alikuwa ametoa mkono dirishani, anapapasa lile bonde kwenye mlango ambalo alinikataza kulinyoosha.