Waifai Imejaa, Intaneti Hakuna

Dhana inayopotosha watu kuliko zote ni kwamba alama ya waifai ikijaa juu ya simu, intaneti ipo. Alama ile hupima kitu kimoja tu: nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na ruta iliyo hapo sebuleni. Haijui kama ruta yenyewe inapata chochote kutoka nje. Chomoa waya wa faiba, au acha bando la ruta ya laini liishe, alama itabaki imejaa vilevile.

Ukweli ni kwamba njia ina vipande vitatu: simu hadi ruta, ruta hadi mtoa huduma, mtoa huduma hadi duniani. Kazi yako ni kujua kipande kipi kimekatika kabla hujagusa kitu. Anza na kifaa cha pili. Kama simu ya mwenzako inafungua kurasa na yako haifungui, iache ruta, ushughulike na simu yako. Zikigoma zote, andika anwani ya ruta kwenye kivinjari; mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na huwa imebandikwa chini ya ruta yenyewe. Ukurasa wa ruta ukifunguka, kipande cha kwanza ni kizima. Kwenye kompyuta ya Windows, anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) inayoanza na 169.254 inakuambia kwamba kompyuta haikupewa anwani na ruta, ikajipangia yenyewe. Hapo tatizo liko humo humo ndani.

Dhana ya pili inaniumiza kwa sababu inaharibu kilichokuwa kizima: "Ikigoma, chukua pini ubonyeze kile kitundu cha nyuma." Kuzima na kuwasha ni jambo moja, kurudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani ni jambo jingine kabisa. Kuzima ni kuchomoa umeme, kusubiri nusu dakika, kuchomeka tena, kisha kuipa ruta dakika chache iamke. Hakifutiki kitu. Kitundu kile kinafuta jina la waifai, nywila yake na, kwa huduma nyingi za faiba, jina la mtumiaji na nywila ambazo fundi aliziingiza siku ya kufunga. Huna karatasi yenye taarifa hizo? Basi tatizo ambalo huenda lingeisha lenyewe jioni sasa linamsubiri fundi. Tafadhali, mwambieni na kijana wa nyumbani asikiguse.

Wengine huona taa zinawaka wakadhani mambo ni shwari. Taa zina lugha yake. Kwenye kifaa cha faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga hauingii kutoka kwenye waya, na hakuna mpangilio wowote wa simu utakaoponya hilo. Kagua kama waya umebanwa na kabati au umekunjwa kona kali, kwa kuwa ndani yake mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na ukipindwa sana mwanga huvuja. Usichungulie ncha yake. Mwanga ule hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru.

Kuna pia imani kwamba kubadilisha DNS kunatibu kila kitu. DNS hugeuza majina ya tovuti kuwa namba, basi. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike ping 1.1.1.1: ukipata majibu huku tovuti za majina zikigoma, hapo DNS ni mtuhumiwa halali. Usipopata majibu, angalia kwingine kwanza.

Na "5G" iliyoandikwa mwishoni mwa jina la waifai yako si ile ya minara ya simu. Ni masafa ya GHz 5, yenye kasi zaidi ila hupenya kuta kwa shida kuliko yale ya 2.4.

Tarehe ya simu isipuuzwe. Ikiwa imerudi nyuma miaka, tovuti nyingi hugoma kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana batili.

Je, kila kukatika ni uzembe wa mtoa huduma? Hapana. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazobeba intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakaathirika kwa pamoja. Siku kama hiyo hata data za simu hulegea, na hicho ndicho kipimo cha haraka: zima waifai, jaribu laini ya kampuni nyingine.

Ukilazimika kupiga simu huduma kwa wateja, usiseme tu "mtandao hamna". Taja taa ipi ina rangi gani, tatizo lilianza saa ngapi, vifaa vingapi vimegoma, na kama ukurasa wa ruta unafunguka.