Macho yako wapi?

Picha yangu ya kwanza kwenye grupu la mtandaoni la watu wanaopiga picha buibui na kuwatambua ilikuwa mbaya, yaani doa la kahawia na kivuli basi, na komenti ya kwanza niliyopata haikuwa salamu, ilikuwa maneno matatu tu: "Macho yako wapi?" Nikajua natukanwa. Nikajibu kwa hasira kwamba macho ninayo tena mazima, simu ndo mbovu. Kumbe jamaa alikuwa anaulizia macho ya buibui.

Macho ndo kitambulisho chao. Buibui wengi wana macho manane na jinsi yalivyopangwa usoni ndo inakusaidia kujua yuko familia gani, wale warukaji wana mawili makubwa mbele kama taa za gari, wale wanaoitwa mbwamwitu wana manne madogo yamejipanga chini, juu yake mawili makubwa, halafu mengine mawili nyuma kidogo. Aina ambazo wanasayansi wameshazieleza zimepita 50,000, sasa ukileta picha ya mgongo tu ukauliza "huyu nani" ni kama kuonyesha watu shati ukataka wakutajie jina la mwenye nalo.

Niseme ukweli, sikuingia pale kwa mapenzi. Buibui nilikuwa nawaogopa. Kazi yangu ni saikolojia, nachunguza vile watu wazima wanavyojifunza wakiwa pamoja, nikaona nichungulie tu nione watu wa hobi kama hii wanafundishanaje. Nikakaa miezi minne kimya, nasoma tu, sikomenti wala silaiki. Watu huwa wanawacheka wachunguliaji wakati kwenye fani yangu tunajua kukaa pembeni ni sehemu ya kujifunza yenyewe. Watafiti Jean Lave na Etienne Wenger waliandika kuhusu hilo mwaka 1991, na mfano wao ninaoupenda ni wa mafundi cherehani wa Liberia: mwanafunzi hapewi mkasi siku ya kwanza, anaanza na vifungo na mapindo, kazi za mwisho mwisho za nguo, ambazo akikosea hasara ni ndogo, ila kila siku macho yake yapo kwenye nguo iliyokamilika, kwahiyo siku ya kushika mkasi inapofika anajua anachokikata kinaelekea wapi. Mi vifungo vyangu vilikuwa kusoma ubishi wa watu wengine.

Na kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa kuona, kabla hata ya kujua majina. Nyumba ileile niliyoishi miaka, ghafla buibui kila kona, pembeni ya dirisha, nyuma ya pazia, chini ya beseni, si kwamba wamehamia, walikuwepo siku zote. Siku moja nikamkuta mbwamwitu jike kabeba watoto mgongoni wamejazana, zamani ningetafuta kiatu, siku hiyo nilijikuta nimepiga magoti na simu mkononi nahesabu macho. Hofu ilienda wapi sijui niseme vipi, haikuisha, ila akili ilikuwa imepewa kazi, na ukiwa unatafuta safu ya pili ya macho nafasi ya kupiga kelele inakuwa finyu. (Kama hofu yako ni ile ya kushindwa kuingia chumbani mwako, usijitibu na grupu, nenda kwa mtaalamu.)

Jambo la pili sikulitegemea kabisa. Wale wakongwe wa grupu, watu ambao wangeweza kutamba, kila mara walikuwa wanaandika "nadhani", "kwa picha hii naishia kwenye familia, zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha". Mimi niliyezoea mikutano ambayo kila mtu anaongea kama ameshushiwa wahyi, ilinikera mwanzoni. Halafu nikaanza kuongea hivyo hivyo kazini bila kujua, mpaka mwenzangu akaniuliza siku hizi mbona unasema "sijui" ovyo ovyo. Na kule hakuna anayejua nina digrii ngapi, aliyenisahihisha mara nyingi kuliko wote anaweza kuwa mstaafu au mtoto wa sekondari, sijawahi kumuuliza, nilichoangalia ni kama yuko sahihi, na kwa kweli alikuwa sahihi karibu kila mara, inauma kidogo.

Sasa laiki. Kuna jaribio maarufu la mwaka 1973, wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett waliwachukua watoto wa shule ya awali wanaopenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti wakichora. Baadaye, ahadi ikiwa haipo tena, wale walioahidiwa ndo wakawa wanachora kidogo kuliko wenzao, hata kuliko wale waliopewa cheti kwa kushtukizwa. Nilikuwa nalifundisha jaribio hilo kila mwaka na bado likanikamata. Warukaji wana rangi, wana macho ya kuombea huruma, wanapata laiki, basi nikaanza kuwaruka wale wadogo wa kahawia niliowafuata mwanzo, na mkosi wenyewe ni kwamba hata matembezi yenyewe yakaanza kuniboa. Nikazima arifa zote za simu. Ilichukua wiki kadhaa kabla sijaanza tena kufurahia buibui asiye na sura.

Na kuna hili la mwisho ambalo sijivunii. Mwaka jana akaja mgeni na picha yake, doa la kahawia na kivuli. Mimi nikiwa na haraka nikamwandikia maneno matatu, yaleyale. Hakujibu. Kesho yake picha haipo, na yeye hayupo kwenye grupu. Siku hizi naandika kirefu: karibu, hebu mpige tena kwa mbele, tunataka kuona macho ya buibui, siyo yako.